Mzee Asiyeitika Salamu

"Mzee, mimi nikishika kundi, hapotei mtu wala hatukwami mahali. Wazungu, Wachina, watoto, kwangu wote ni wageni tu."

Hayo aliyasema Vedasto asubuhi, mikono mfukoni, miwani ya jua kichwani, mbele ya Naftali, mwenye gari la watalii linaloshuka kreta karibu kila siku ya msimu. Naftali alikuwa anatafuta msaidizi. Vijana wa Karatu waliomaliza kidato cha nne na kukariri majina ya ndege kwa Kiingereza wamejaa mjini, na Vedasto aliwazidi kwa mdomo tu. Naftali hakubishana na mdomo huo. Alimkabidhi wanawe wawili, Laurencia na Tluway, pamoja na Resiato, binti wa rafiki yake Mmaasai wa Piyaya, aliyefika jana kutembea.

"Wapeleke jumba la sayansi. Mchana napita hapo na wageni wangu. Nikikuta mambo yako sawa, kesho unapanda gari."

Jumba lenyewe bado linanuka rangi. Mlangoni pameandikwa kwa herufi kubwa: GUSA! SUKUMA! ULIZA! Aliyeandika vile bila shaka hana watoto.

Tluway, ambaye hajaanza hata chekechea, alielewa kwamba kugusa ni kwa ulimi. Alilamba sumaku. Alilamba jiwe la volkano. Vedasto alipomnyang'anya jiwe, akalamba mkono wa Vedasto.

Laurencia yeye alishika ile ya kuuliza.

"Kaka Vedasto, kwa nini huyu wa kwenye kioo ana tumbo kubwa?"

"Kioo kimepinda. Huyo ni wewe."

"Mimi niko huku. Huyo ni wewe."

Wakafika kwenye mpira wa chuma unaosimamisha nywele. Vedasto alianza kueleza umeme kwa sauti ya kiongozi wa watalii, lakini hakufika mbali, maana Laurencia aliweka kiganja, vinywele vyote vya pembeni vikamsimama, akaangua kilio.

"Mama kanisuka jana! Ataniua!"

"Vitalala tu, Laurencia."

"Vitalala saa ngapi?"

Kwa Vedasto, tumaini lilikuwa Resiato peke yake. Asubuhi nzima mtoto yule hakulamba kitu, hakuuliza kitu. Alitembea nyuma yao kimya na kashuka kake kekundu, adabu tupu. Vedasto akamsifu moyoni. Angengoja kwanza.

Kwenye chumba cha mwisho amekaa zamadamu, yaani sanamu ya binadamu wa kale, ukubwa wa mtu kamili, ngozi ya mpira, ndevu, macho ya kioo yanayokutazama kila uendako. Jumba zima ukiruhusiwa kugusa, yeye tu kawekewa kamba na kibao: USIGUSE. Resiato alimwona, akaenda hadi kwenye kamba, akainamisha kichwa, akasubiri.

"Resiato, twende."

Kichwa kikabaki chini.

"Mdogo wangu, twende, baba Laurencia anakuja."

"Mzee hajanigusa kichwa."

Hapo Vedasto akaelewa. Kwao Resiato, mtoto hampiti mzee hivihivi. Unampa kichwa, anakigusa kwa kiganja, ndipo unaendelea na safari zako.

"Huyo si mzee. Huyo ni mpira."

"Ana ndevu."

"Za dukani!"

"Amenikasirikia?" Resiato aliuliza bila kuinua kichwa, sauti ikianza kulowa.

"Hajakukasirikia! Haya, mimi nakugusa kwa niaba yake."

"Wewe si mzee."

Alimwahidi biskuti. Alimwahidi soda. Alijaribu kumbeba, mtoto akawa mzito kama gunia la vitunguu vya Mang'ola. Alipogeuka kuomba msaada, Laurencia na Tluway nao walikuwa wameinama kwenye kamba, wamepanga foleni.

"Na nyie! Nyie si mnaujua mpira?"

"Na sisi tunataka," alisema Laurencia.

Dada Blandina, msimamizi, alichungulia. "Kaka, msizibe njia, nakwenda kupokea wageni nje." Akatoka. Mara honi ikalia getini. Vedasto aliijua honi ile.

Aliruka kamba. Akapiga magoti nyuma ya zamadamu, akashika kiwiko cha mpira, akauinua ule mkono taratibu na kuushusha juu ya kichwa cha Resiato. Akakohoa kizee, akamsalimu mtoto kwa Kimaasai chake chote alichookota mnadani:

"Nakerai, takwenya!"

"Iko!" Resiato aliitika, na uso ukamfunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Na mimi!" Laurencia.

Mkono ukapanda, ukashuka. Kwa Tluway ulipopanda, kitu kikalia *tak* begani, na Vedasto akajikuta ameushika wote, uko huru. Hakukata tamaa. Aliupitisha hivyohivyo chini ya kwapa la zamadamu, akamgusa Tluway, akakaza sauti: "Nendeni salama, wanangu!"

Kutokea pale chini aliona vichwa tu. Na kikaja kingine, kimeinama kwa heshima. Mtoto mwingine, akadhani, watu wameshaanza kuiga. Akateremsha mkono haraka amalize.

Kichwa kilikuwa na upara.

"Asante, mzee," kikasema, kwa sauti ya Naftali. "Hawa wageni wangu nao wanaomba baraka. Ila nakuomba kwanza usimame, umweleze dada Blandina huo mkono umeutoa wapi."