Ua la Matogoro kwenye Karatasi Ngeni

Askari wa Wajerumani walipomkamata Daimu kwa kosa la kugawa dawa ya maji iliyosemwa kuzuia risasi, walichoma ghala lake la chakula na mbegu, nyumba wakaiacha. Daktari wao aliyefuatana nao alisimama mbele ya ukuta akitazama maua aliyoyachora Mwamvua, mke wa Daimu, kwa udongo mwekundu na masizi. Siku ya pili akarudi na karatasi tatu.

"Nichoree ua la mlimani," alisema kwa Kiswahili cha pwani. "Likinipendeza, nitamwombea mumeo kwa bwana mkubwa. Fanya upesi. Wanaanza kunyonga Jumanne."

Mwamvua hakuwa amewahi kushika karatasi ya namna ile. Ilikuwa nene, inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Alipanda mlima wa Matogoro, akachuma ua jekundu, akaanza na udongo wake wa ukutani. Ulipokauka ulipukutika wote mapajani mwake. Kwenye karatasi ya pili alijaribu wino wa masizi ambao Daimu aliutumia kuandikia aya za Kurani. Karatasi ikaunywa wino, mistari ikatambaa, ua likawa doa. Alilia mpaka akaishiwa sauti.

Ikabaki moja. Hakuthubutu kuigusa. Alichanachana zile zilizoharibika, akajaribu utomvu, majivu, maji ya magome. Hakuna kilichoshika. Kisha aliona kipande kimoja kimedondokewa na uji wa wifi yake, Zabibu. Pale palipokauka uji, wino ulitulia.

Alichukua kibuyu cha unga wa ulezi.

"Huo ndio unga wetu wa mwisho," Zabibu alisema. "Kesho tutakula nini?"

"Kaka yako je, wifi? Yeye kesho yake iko wapi?"

Zabibu akachochea moto mwenyewe. Walipika uji mwepesi, wakaupaka karatasi nzima, wakaianika kivulini. Uji mwingine Mwamvua aliuchanganya na udongo. Safari hii rangi ilishika. Akalichora ua lote bila kula kitu.

Bomani daktari aliitazama picha kwa muda mrefu, akatabasamu, akaingia ndani nayo. Alipotoka hakuwa nayo.

"Hatanyongwa. Atapelekwa pwani, kazi ya barabara."

"Atarudi lini, bwana?"

"Hilo sijui." Akamnyooshea karatasi nyingine. "Nichoree na majani yake."

Mwamvua hakuipokea. Wafungwa walikuwa wanatolewa, minyororo shingoni, na Daimu alikuwa miongoni mwao, amekonda hata mwanzoni hakumtambua. Alimkimbilia. Askari akamzuia kwa kitako cha bunduki.

"Usinifuate, mke wangu," Daimu alisema. "Rudi nyumbani ukapande, mvua zisikupite."

"Nipande nini, Daimu?"

Mnyororo ulikwisha kumvuta. Aligeuza uso kujibu, lakini aliyekuwa nyuma yake alijikwaa, wote wakayumba, na askari akawahimiza kwenda mbele.