Nakshi Mia na Kumi na Mbili

Siku Maisa alipochoma karatasi za bibi yake, alizichoma kwa roho safi. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakaingia kwenye sanduku la mninga, wakatafuna kingo za karatasi zile za kaki kama watu walioalikwa karamuni. Na yeye alikuwa amekwisha kuziskani zote, moja moja, kazi ya miezi miwili, akazihifadhi kwenye kompyuta.

"Usiwe na wasiwasi, Bibi," alisema siku ile huku akikoroga majivu uani kwa kijiti. "Kompyuta hailiwi na mchwa."

Bi Wahiba aligeuza uso palipotoka harufu ya moshi. "Haya. Wewe ndiye unayejua," akasema. Kwa mwanamke aliyezaliwa Chang'ombe, akaolewa Chang'ombe, na ambaye hajamwachia mtu hata ufunguo wa kabati la vyombo, hayo yalikuwa maneno mazito.

Karatasi zilikuwa mia na kumi na mbili. Kila moja ilikuwa nakshi ya kofia ya kushona kwa mkono, aliyoichora Bi Wahiba kwa penseli, duara la juu akilipimia kisahani cha kikombe. Kila nakshi ilikuwa na jina: Ukuta wa Jirani, Mwiba wa Tasi, Njoo Kesho, Mke Mdogo Kanuna. Wanawake waliochukua kazi ya kushona walikuja kuchagua kwa jina, na baba wa bwana harusi asiyejua jina alichekwa mpaka ajifunze. Miaka arobaini na tano ya mkono mmoja. Kisha presha ya macho ikaingia, na daktari hakumficha: alichokula ugonjwa huo hakirudi. Bi Wahiba sasa aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Kuchora tena hakuweza.

Kwa hiyo Jumamosi ile, kompyuta ilipowashwa ikaandika mstari mmoja mweupe juu ya giza, kwamba haioni diski, Maisa aliusoma mstari ule mara mbili. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Mara saba. Bibi yake alikuwa sebuleni hapo hapo, kwenye kiti chake cha kamba, akichambua mchele kwa vidole.

"Mbona inalia lia hivyo leo?" Bi Wahiba akauliza.

"Inajipasha moto, Bibi."

Uongo wa kwanza. Akatoka kibarazani, akampigia fundi.

Gaudens alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta nyuma ya karakana za kuchomelea mageti, na watu walimsema kwa mambo mawili: mikono yake ni mizuri, na mdomo wake hauna breki. Kwa kawaida hakwenda majumbani. Lakini Bi Wahiba alikuwa na sheria yake, kwamba kitu cha nyumba hakilali nje ya nyumba, na Maisa hakuwa na ujasiri wa kumweleza kwa nini leo sheria ivunjwe. Saa nne Gaudens akaingia na begi lake, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ya bara hiyo. Wa wapi wewe?"

"Muleba, Bibi. Ila Temeke imeshanilea."

"Imekulea, au imekushinda kulea? Kaa. Kuna nini kwenye mashine?"

Gaudens akamtazama Maisa. Maisa akatikisa kichwa kidogo.

"Nimekuja kuisafisha tu, Bibi," akasema Gaudens. "Sevisi."

Uongo wa pili, na huu wa kuazima. Maisa akainama sikioni mwake akamweleza kwa mnong'ono: nakshi zote zimo humo, karatasi hazipo, nakala nyingine hakuna.

"Hakuna nakala?" Gaudens akanong'ona. "Hata kwenye flashi? Dada Maisa! Mtu anaweka mayai yote kwenye kapu moja halafu kapu lenyewe analitia moto?"

"Nitukane ukimaliza."

"Umeiwasha mara ngapi tangu asubuhi?"

"Saba."

"Basi ya nane naiwasha mie. Ukiona diski haionekani, iache ipumzike. Kama kuna kitu kinakwaruza ndani, kila ukiwasha unazidi kukwangua. Unamwamsha mgonjwa kumuuliza kama amelala."

Akafungua kasha la kompyuta pale pale chini ya meza, akaitoa diski, bati zito la ukubwa wa msahafu mdogo. Akaiunganisha na umeme nje ya kasha, akaweka ncha ya bisibisi juu yake na mpini wake sikioni. Maisa akajikuta amezuia pumzi. Nje, mashine ya kukatia vyuma ikalia, ikanyamaza.

"Inazunguka," akasema Gaudens polepole. "Haigongi, haikwaruzi. Moyo upo. Ulimi ndio sijui."

Akabadilisha waya. Akawasha: haionekani. Akahamishia waya kwenye tundu jingine la ubao mama, ubao mkuu wa kompyuta. Haionekani. Akaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo aliyokuja nayo, akangoja, akaangalia kwenye orodha ya diski zote. Ikaonekana ya kwake peke yake. Kila mara Maisa alisogea karibu zaidi, na kila mara Gaudens alinyanyua mkono bila kugeuka, kama mtu anayemzuia mbuzi asiingie ndani.

"Kumebaki vitu viwili," akasema. Alikuwa amesahau kunong'ona. "Kama ubovu uko ndani, kwenye vichwa vinavyosoma, mie siifungui, na atakayekwambia ataifungulia juu ya meza ya kibandani anakudanganya. Kama uko kwenye kibao cha umeme hiki cha chini, hapo tutaongea."

"Ubovu?" akauliza Bi Wahiba. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya mchele. "Nilidhani mnasafisha."

Maisa aliutazama uso wa bibi yake, ule uso ulioelekea dirishani kwenye mwanga, akaona hana tena pa kujificha.

"Bibi, mashine haizioni nakshi. Tangu asubuhi. Nilikudanganya."

Bi Wahiba akauweka ungo chini. Hakupaza sauti. "Zote?"

"Zote."

"Na Ukuta wa Jirani?"

"Zote, Bibi."

Kisha bibi akasema, "Basi mwache mtu afanye kazi. Ukimsimamia kisogoni mkono utamtetemeka. Njoo ukae hapa."

Maisa akaenda akakaa sakafuni karibu na kiti cha kamba. Gaudens akafungua skurubu sita ndogo zenye vichwa vya nyota, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa, akakinyanyua kibao kama mtu anayefunua jeraha. Akakigeuza kwenye mwanga. Vile vijibati vya dhahabu ambavyo kibao huvitumia kuongea na diski havikung'aa. Vilikuwa na utando wa kahawia, mwembamba, wa kunata, kama ule wa ndani ya birika la chai.

Akapitisha ukucha. Akaunusa ukucha. Akakunja uso.

Kisha akafanya jambo ambalo fundi mwingine asingelifanya: akainama, akaingiza kichwa chini ya meza, akaangalia mahali kasha lilipokaa. Hatua moja kutoka kwenye matundu ya feni, juu ya saruji nyekundu, palikuwa na duara jeusi la ukubwa wa kisahani, na chembe za majivu meupe. Upande wa chini wa ubao wa meza, juu ya duara lile, palikuwa peusi kama dari ya jiko.

"Nani huwa anaweka jiko h—"

Maisa alikuwa ameliona duara lile wakati ule ule. Akalitambua. Akamkazia Gaudens macho makali hivi kwamba yule mtu asiye na breki akapata breki kwa mara ya kwanza maishani.

"Nani huwa nini?" akauliza Bi Wahiba.

"Vumbi, Bibi," akasema Gaudens. "Kuna vumbi kidogo. Chang'ombe hii, viwanda."

Akatoa kifutio cha penseli, cha shule, cha shilingi mia, akaanza kusugua vijibati kimoja kimoja. Utando ulitoka kwa shida. Akachovya pamba kwenye spiriti, akaipaka, akasugua tena. Kifutio kikawa cheusi, spiriti ikaruka hewani, na pamoja nayo ikapanda harufu.

Pua ya Bi Wahiba ikanyanyuka.

Alivuta hewa mara moja, akatulia. Akavuta tena, taratibu, kama anayeonja mchuzi wa jirani.

"Vumbi gani hilo," akasema, "linalonukia ambari?"

Maisa akamshika goti. "Bibi..."

"Niache. Sijapofuka pua. Hiyo ambari, na hiyo sukari iliyoungua, na hayo ni mawaridi. Huo ni udi wangu. Nimeupika mwenyewe kwenye sufuria yangu, mwezi wa Shaabani." Akageuza uso upande wa fundi. "Umeutoa wapi, mwanangu?"

Gaudens akamwangalia Maisa. Maisa akafumba macho, akakubali kwa kichwa.

"Kwenye diski, Bibi," akasema Gaudens, kwa upole ambao Maisa hakujua kama anao. "Feni inavuta hewa kutoka chini. Chetezo kiko chini. Udi wenu una sukari, moshi wake unanata. Mashine hii imefukizwa kuliko bibi harusi."

Bi Wahiba hakucheka. Mikono yake ikatafutana mapajani, ikashikana.

"Kila Alhamisi," akasema. "Wanakuja hapa wanawake, wanaitazama: ooh, Maisa ana kompyuta, nakshi zote ziko humo, kitu kikubwa hicho! Wanasifu mpaka mate yanawatoka. Hata mmoja hasemi mashaallah. Nikasema, mie nisipoikinga na husuda, nani ataikinga? Zamani nilikuwa nafukiza nyumba nzima nikiwa nimesimama katikati, naona moshi umefika wapi, naondoa chetezo. Sasa moshi siuoni. Basi nikakisogeza karibu. Nikawa nakiacha mpaka harufu inijie mwenyewe hapa kitini, ndipo najua imetosha."

Maisa aliona hesabu nzima ikijipanga: mwaka mzima wa Alhamisi, bibi anapapasa ukuta kwa mkono mmoja, makaa mkononi mwa pili, anainama chini ya meza kuzilinda nakshi asizoweza tena kuziona.

"Mie nilizichoma karatasi, Bibi," akasema. "Ningeziacha hata zilizotafunwa, leo tungekuwa na pa kuanzia. Nilijiona najua."

"Ulijiona unajua, na mie nilijiona nalinda. Shoka tumelishika wote wawili," akasema Bi Wahiba. "Mwanangu wa Muleba, unasugua au unatusikiliza?"

"Vyote, Bibi."

"Sugua."

Akasugua. Vijibati vikarudia dhahabu yake, kimoja baada ya kingine. Akaviacha vikauke, akarudisha kibao, akakaza skurubu sita kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo. Akaiunganisha diski na kompyuta yake ndogo. Wote watatu wakasikia ule mvumo mwembamba ukianza.

Sekunde zikapita. Maisa alikuwa ameushika upindo wa kanga ya bibi yake bila kujua.

"Imeonekana," akasema Gaudens.

Maisa akainuka.

"Kaa chini! Usishangilie, usiguse, usifungue chochote. Kwanza nakala. Diski iliyotoka kaburini haiulizwi habari za huko, inanyang'anywa vitu vyake." Akatoa diski nyingine begini, akaanza kunakili. Kwenye kioo ukatokea mstari wa kijani, ukawa unajaa polepole.

Ilichukua saa nzima na robo. Maisa akachemsha chai ya tangawizi, akaleta kashata. Bi Wahiba akamuuliza Gaudens kama ameoa. Gaudens akasema kazi imemzuia. Bibi akasema kazi haijawahi kumzuia mtu, ni mdomo. Mashine ya vyuma nje ililia na kunyamaza, na hakuna aliyeisikia.

Mstari ulipofika mwisho, Maisa akasogea, akafungua faili moja baada ya jingine, akisoma majina kwa sauti. Bi Wahiba alihesabu kwa vifundo vya vidole, kama anayevuta tasbihi. Mwiba wa Tasi. Njoo Kesho. Mke Mdogo Kanuna. Walipofika mia na kumi na moja, Maisa akafungua la mwisho.

"Ukuta wa Jirani."

"Upo mzima?"

"Mzima, Bibi. Hata alama ya kisahani inaonekana."

Bi Wahiba akaachia pumzi ndefu. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke yenyewe. Baada ya muda akasema, "Nakala ngapi sasa?"

"Mbili," akasema Gaudens. "Fanyeni tatu. Na moja ikae nyumba nyingine."

"Nne," akasema bibi. "Ya nne karatasi. Sitaki iliyotoka kwenye mashine ya kuchapa ikilia. Nataka ya mkono."

"Bibi, mie sijui kuchora," akasema Maisa.

"Najua. Miezi miwili ulizipiga picha karatasi zangu, hukuuliza hata mara moja mstari unaanzia wapi. Utaanza na Njoo Kesho, ndiyo nyepesi. Kuna kisahani kabatini, rafu ya juu." Akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo, akauelekeza mahali ilipotoka sauti ya mjukuu wake. "Shika."

Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, kompyuta ilikuwa imehamishiwa chumba cha ndani na mlango umefungwa. Sebuleni palitandikwa mkeka. Maisa alikuwa amelala kifudifudi juu yake, penseli mkononi, akifuta kwa kifutio kile kile cheusi alichomwomba Gaudens. Kwenye kamba iliyofungwa kutoka dirisha hadi mlango zilining'inia karatasi nne za kaki, maduara yake yamepinda pinda. Bi Wahiba alikuwa amezipitishia vidole zote, akifuata mikwaruzo ya penseli, akaikataa moja.

Chetezo kilikuwa chini ya kamba, kinafuka.

"Moshi unafika?" akauliza bibi.

"Unafika, Bibi. Zimefunikwa zote."

"Uache uende vizuri. Mchwa hapendi udi." Akavuta harufu, akaegemea kitini. "Haya, mstari wa pili. Toka kwenye kitobo cha kati, nenda kulia, hesabu saba."