Uso Uliosuguliwa Jiweni

Dada yangu Permelia alikuwa fundi cherehani, na pale Cincinnati, Marekani, wanawake wa kanisa letu la watu weusi walimjua kwa kola zake za lesi. Mwaka 1883 Bwana Ostrander, Mzungu mchoraji wa kiwanda cha uchapaji, alimwona akitoka ibadani akamwomba aje amchore. Dada alikwenda na gauni lake la Pasaka. Aliporudi uso ulikuwa unang'aa.

"Zilpah, kanichora juu ya jiwe lao la kuchapia, nimetoka mimi kabisa! Hata kidoti changu hakukisahau."

Tukaisubiri hiyo picha itoke jiweni, ichapwe kwenye karatasi.

Ilikuja na dawa nyeusi ya kung'arishia majiko ya chuma. Muuza duka alikuwa akimgawia kila mnunuzi kadi ya tangazo, na jirani yetu Keturah, mtu wa maneno, akaingia kwetu akiipunga.

"Permelia wee! Njoo umwone huyu kituko aliyekuibia kola!"

Kisha akamtazama dada usoni, kicheko kikamkauka.

Kwenye kadi kulikuwa na mwanamke mweusi kama masizi, macho yamemtoka, midomo minene myekundu kama nyama buchani, akijisugua shavu kwa ile dawa. Chini waliandika maneno yaliyovunjwavunjwa makusudi, eti ndivyo tunavyosema. Shingoni alivaa kola ya dada, ua kwa ua.

Tulikwenda kiwandani. Ostrander hakutukaribisha kiti.

"Si wewe huyo," alisema. "Ni mzaha tu. Wenye dawa ndivyo wanavyotaka, watu wacheke, wanunue."

"Kola ni yangu."

"Kola ilinipendeza."

"Na ile picha ya kwanza? Nipe hiyo, niende zangu."

"Mawe tunayatumia tena, Permelia. Lile lenye picha yako nilishalisugua, ikafutika."

Dada alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake hayupo tena. Njiani hakulia. "Nilikaa nimetulia, Zilpah," alisema. "Hata kukohoa nilijizuia."

Kadi zikaenea. Watoto wa wateja wake wa Kizungu walizibandika kwenye albamu zao, na siku moja bibi mmoja, akipimwa gauni, akamwonyesha: "Tazama, mnafanana!" Dada alikuwa na pini mdomoni, akaendelea kupima. Tangu hapo hakushona kola nyingine, na kwenye kwaya akahamia mstari wa nyuma.

Mwaka uliofuata nilimbembeleza twende kwa mpiga picha mmoja, mweusi mwenzetu.

"Legeza mdomo, dada yangu," alimwambia kwa upole. "Hapa hakuna wa kukucheka."

"Nimelegeza."

Hakuwa amelegeza. Aliikunja midomo yake ndani, yote miwili, mpaka ikabaki kama mshono.

Homa ya mapafu ilimchukua kabla baridi haijaisha. Wanangu wakiitazama ile picha huniuliza mama yao mkubwa alikuwa amemkasirikia nani. Nawaambia hakuwa mtu wa hasira hata kidogo, lakini habari ya ile kadi siwaambii.