Blanketi la Sufuria

Wifi yangu Lerato alisikia redioni kwamba chakula kinaweza kujiivia bila kula umeme. Siku iliyofuata aliingia chumbani kwangu bila hodi na kuchukua blanketi langu.

Mimi nilikuwa nimetoka kununua mishumaa kwa Burhani, mwenye spaza, kile kiduka cha kona. Niliporudi nikalikuta jikoni, limezungushiwa sufuria ya makande ya Jumapili. Ndivyo alivyoelekezwa redioni: unachemsha kidogo, unazima jiko, unaifunga sufuria kwa blanketi zito, joto lililomo linamalizia kazi. Majira yale ya baridi umeme Soweto ulikuwa ghali, tena wa kukatika ovyo, na Lerato alikuwa ameshapiga marufuku hita yangu, birika langu na taa ya chumbani kwangu. Vya kwake havikuguswa. Hayo niliyameza. Lakini nyumba ile ina mablanketi tele, na yeye akachagua lile.

Lile alinivika mama mkwe siku ya kwanza nilipoletwa mlangoni pale na marehemu Moeketsi, kaka yake Lerato. Tulioana Morogoro alipokuwa uhamishoni, na ndoa yetu haikuandikwa popote. Wasotho, kabila lao, humvika bibi harusi blanketi, na akishavikwa huwa wa kwao. Basi tangu siku ile, aliyetaka kujua mimi ni nani katika nyumba ile nilimwonyesha blanketi.

Na Jumapili hiyo palikuwa na mtu wa kujua. Tangu tumzike Moeketsi, Lerato alikitaka chumba changu akipangishe, na alikuwa amemwita mjomba wake, mzee Tshediso, aje aamue kama mimi ni mke wa kubaki au mgeni wa kuondoka.

Mzee alikaa jikoni bila kuvua koti. Aliniuliza kwa upole kama ukoo ulinipokea kwa desturi. Nikamwonyesha sufuria. Nikamwambia desturi yenyewe ni ile pale, wifi yangu ameigeuza mbeleko ya makande.

Lerato hakupandisha hata sauti.

"Mjomba, ilikuwa Julai. Huyu alishuka na kigauni chepesi cha kwao, meno yanagongana. Mama alimfunika asife na baridi, basi." Kisha akanigeukia. "Bibi harusi wetu hupewa blanketi na jina, Melania. Wewe tulikupa jina gani?"

Nikatafuta. Mama mkwe aliniita Melania mpaka anakufa. Lerato aliniita yule Mtanzania, hata nikiwa nimekaa mbele yake. Jina jingine halikuwepo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lilipaswa kuwepo. Moeketsi mwenyewe alijua, akaniacha miaka yote nikijivunia kitu kisichokuwa changu. Nilimchukia pale pale, huko kaburini aliko. Mzee akainamisha macho, nami nikajua nimekwisha.

Nikaiendea sufuria nikaanza kuifungua. Lerato akaniambia niache, makande hayajaiva, nikiyaacha yapoe itabidi awashe jiko upya na umeme utaliwa bure. Alinisemesha kama anavyosemeshwa mtumishi. Nikalivuta blanketi lote nikajitanda. Lilikuwa la moto na lilinuka maharage.

"Mama yako aliona mtu anatetemeka, akamfunika," nikamwambia. "Wewe miezi yote hii umeniona natetemeka, ukafunika sufuria."

Akasema sufuria angalau inalisha watu.

Mzee Tshediso akakohoa. Akasema ana huruma na mimi, ila desturi ni desturi: chumba nikiachie kabla mwezi haujaisha. Nilimshukuru kwa huruma yake. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita tena, akasema, bila kunitazama usoni, kwamba nguo nichukue zote, vyombo nichukue, lakini blanketi ni mali ya marehemu dada yake na halitoki katika nyumba ile.

Nikarudi nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Njoo univue mwenyewe," nikamwambia.