Kilo za Mama Mkwe

Mimi ni fundi baiskeli, na mteja anayenidanganya sina simile naye. Lakini huyu alikuwa mama mkwe, na baiskeli yake ya milimani nilikuwa nimetoka kuifungia shokapu mpya ya nyuma, ile ya upepo inayomeza mitikisiko. Upepo wenyewe hujazwa kulingana na uzito wa mpandaji. Sasa nani atamuuliza mkwewe kilo zake? Nikamtuma mke wangu.

"Mama anasema sitini," akaniletea jibu, huku akinikwepa macho.

Nikajaza wa sitini. Mama akapanda, shokapu ikadidimia mpaka mwisho, ko!

Nikaitazama shokapu, nikamtazama mama. Mama hata hakupepesa macho, akagusa mkoba begani. "Ni huu mkoba wangu, baba. Una kilo ishirini na tano."

"Mzito kweli, mama," nikasema, nikaongeza upepo mpaka wa themanini na tano.

Akapanda tena, shokapu ikamkaa sawasawa, akaondoka akiruka mashimo na kucheka kama msichana.

Mkoba, aliokuwa ameutua nikiongeza upepo, aliusahau juu ya meza yangu. Nikauinua kwa kidole kimoja.