Mdomo wa Kuazima

Kila Ijumaa baada ya sala, wajukuu wa Bi Ghania walipanda ngazi, wakajipanga mlangoni mwa chumba chake kama abiria mbele ya askari wa uhamiaji, wakabusu hewa, wakashuka. Bi Ghania aliwainulia mkono wa kushoto, ule uliobaki na kazi. Shughuli nzima ilikwisha kabla uji haujapoa.

"Wameshanigongea muhuri," alimwambia Fortunata. "Haya, lete uji wako, mla senene we."

Fortunata alicheka nusu, kama apasavyo kucheka mtu wa kazi. Alikuwa Mhaya wa Muleba, na jawabu la senene hulala ulimini mwa kila Mhaya. Lakini utani ni mchezo wa walio sawa. Humtanii mtu ambaye viza yako imening'inia kwenye pumzi zake. Akameza jawabu, akapuliza uji.

Kiharusi kilipoingia katika nyumba ile ya Al Warqa kilikuja kama mgeni mteuzi. Kilichukua mkono wa kulia wa Bi Ghania, kikachukua na Kiarabu alichokisema tangu ujana, kikamwachia Kiunguja cha utotoni, kizima, bila mkwaruzo. Mwanawe Khalfan, mzaliwa wa Dubai, alijua Kiswahili cha salamu na chakula tu. Ndipo akaletwa Fortunata, awe miguu ya bibi na mdomo wake. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, ila kilitosha kupandisha na kushusha maneno kati ya mama na mwana.

Siku moja Khalfan alipanda peke yake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alieleza kwamba yamefunguliwa makao ya wazee huko Al Jaddaf: hakuna ngazi, wauguzi hawaondoki, kuna mazoezi ya mkono, bustani, na watu wa rika lake. Fortunata alilitafsiri kila neno huku akilikata tawi alilokalia. Bibi akienda, viza inakwenda. Na viza ikienda, Agnes, bintiye aliyekuwa chuo cha uuguzi Mwanza, angerudi nyumbani kuchuma kahawa ya watu. Khalfan aliapa kwamba hatamlazimisha mama yake. Kumtoa mama nyumbani ni aibu ya ukoo mzima. Watakwenda kuangalia tu, na mama atasema kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kwani nimekuwa kochi," Bi Ghania aliuliza, "nitafutiwe pa kuwekwa?"

Hilo Fortunata alilipeleka kwa Khalfan bila kupunguza chumvi.

Jikoni, dereva wa nyumba, Hudson, Mganda asiyekosa la kusema, alikuwa ameshayanusa yote. "Dada, wewe ndiye bunge hapa," alisema. "Bibi akisema ndiyo, wewe toa hapana. Nani atakagua?" Fortunata alimtuma akaoshe gari. Neno lenyewe halikwenda na Hudson, lilibaki na Fortunata.

Ukumbi wa makao ulinukia dawa ya sakafu na udi. Wazee walisinzia vinywa wazi mbele ya mbio za ngamia kwenye runinga. Mmoja alimwita mkewe, akamwita tena, na muuguzi akamjibu kwa upole kwamba anakuja, ingawa ilionekana wazi kuwa hakuna wa kuja. Bi Ghania alimbana Fortunata vidole. Fortunata akaona raha, kisha akajionea haya kwa raha hiyo.

Khalfan aliingia ofisini kuzungumza na meneja. Dirishani alikaa kikongwe mmoja mkavu, kanga mabegani, ambaye baadaye walimjua kwa jina la Bi Zuwena, wa Wete, Pemba. Alitega sikio, akakitambua Kiunguja, akageuza kiti chake cha magurudumu.

"Nani kaacha mlango wazi?" aliuliza. "Naona Waunguja wameingia."

Upande wa uso wa Bi Ghania uliokufa ulitetema. "Na nani kamfungulia huyu Mpemba?"

"Nyinyi hata kiharusi kiliwakuta mmelala."

"Kilinikuta kitandani, mwenzangu. Kwenu mikeka yote imeanikiwa karafuu, mnalala wapi?"

Bi Ghania akacheka. Kilikuwa kicheko ambacho Fortunata hakuwahi kukisikia, cha mwili mzima, chenye mate. Fortunata alimfuta kidevu. Alikuwa amemlisha mwanamke huyu, amemwogesha, amemgeuza asiote vidonda. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumrudishia tusi. Kila utani Bi Ghania aliourusha ulianguka sakafuni, na Fortunata, mwenye majibu tele, aliuruka na ndoo mkononi, akidhani hiyo ndiyo heshima.

Khalfan alirudi. Bi Ghania hakumtazama. "Mwambie nakaa," alisema. "Ila huyu Mpemba asidhani nakaa kwa ajili yake."

"Anasema nini?" Khalfan aliuliza.

Tasbihi ya Khalfan ilikuwa imesimama vidoleni mwake. Aliwatazama wale wazee wanaosinzia, na Fortunata akaona usoni mwake kwamba naye aliomba kusikia hapana. Uongo ungewafurahisha watu wawili kati ya watatu. Fortunata alimwona Agnes na koti lake jeupe.

"Anasema anakaa." Na kwa kuwa Khalfan alizidi kumkodolea macho, aliongeza lisilosemwa na mtu: "Anasema amefurahi, sir."

Makao yalikuwa na watumishi wake, na sare zao. Madam, mke wa Khalfan, alimpa Fortunata chupa ya manukato na inshallah nyingi. Khalas, basi. Siku ya kuondoka, Hudson alimpitisha Al Jaddaf, akabaki chini na sanduku garini. Bi Ghania hakujua kwamba mtu wake anarudi kwao moja kwa moja. Hilo nalo lilihitaji mdomo, na hakuna aliyeuazima.

Fortunata alisimama mlangoni. "Bibi, nimekuja kukwambia..."

Mkono wa kushoto uliinuka, bila kichwa kugeuka. "Ngoja kwanza, Fortunata. Huyu Mpemba hajanijibu."

Bi Zuwena alikuwa amefumba macho, akilitafuta jawabu mbali. Simu ilitetema mkobani, ujumbe wa Hudson: yalla, dada, twende. Fortunata aliuteremsha mkoba taratibu, akaegemea ukuta, akamngoja Mpemba ajibu.