Pointi Mbili

Mama alivaa viatu vyake vya kutokea, akaitia hati ya nyumba kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akaubana kwapani, na njia nzima hakubadilisha kwapa. Nyumba yenyewe vyumba vitatu. Marehemu mumewe aliijenga miaka kumi na moja, matofali mwaka huu, saruji mwaka ujao. Mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa hatua mbili mbele, kichwani tayari anakunja vyuma kwa mashine ambayo hajainunua.

Mashine hiyo ilikuwa milioni sita. Akiwa nayo, mageti ya mwezi mzima yangetoka kwa wiki moja. Tajiri mmoja mwenye nyumba za kupangisha alishamwambia: ukiwa na mashine, njoo tuongee, ukiwa na nyundo, usinipotezee muda. Fundi alikuwa na nyundo.

Benki, afisa mikopo aliwavutia viti mwenyewe.

"Karibu mama yangu. Jisikie uko nyumbani."

"Nyumbani sipangi foleni," mama akasema, akakaa.

Afisa akaeleza. Mkopo unataka dhamana, yaani kitu ambacho benki itakishika msipolipa. Na benki inapenda mali isiyohamishika.

"Kwa nini isiyohamishika?"

"Gari linaweza kutoroshwa, mama. Ng'ombe anaweza kufa. Nyumba haiendi popote."

"Kwa hiyo huyu akishindwa kulipa, nyumba itabaki palepale."

"Palepale."

"Tutakaohamishika ni sisi."

Afisa akacheka kwa adabu, kile kicheko wanachofundishwa kwenye semina ya huduma kwa wateja, akafungua faili. Mthamini wa benki alipita wiki iliyotangulia. Kwa bei ya soko, nyumba ni milioni ishirini. Ikiuzwa haraka, kumi. Benki inakopesha asilimia sitini ya hiyo kumi, ndiyo sita ya fundi.

"Nani ana haraka?" mama akauliza. "Mimi sina."

"Mnada, mama. Mnada huwa na haraka."

"Na huo mnada ukipata zaidi ya deni?"

"Tunakata chetu, riba, ada ya dalali na ya mwanasheria. Kinachobaki ni chenu."

"Chenji."

"Tuseme hivyo."

"Miaka sabini na mbili duniani, leo ndiyo nasikia nyumba inatoa chenji."

Fundi aliona aibu kidogo, kisha akajaribu njia nyingine. Si waishike mashine yenyewe? Afisa akatikisa kichwa kwa huruma. Mashine ikitoka tu dukani inashuka thamani.

"Sasa mbona unanikopesha nikanunue kitu kinachoshuka thamani?"

"Hilo ni wazo lako la biashara, kaka. Sisi tunaliamini sana."

"Mnaliamini."

"Sana."

"Ila mpaka kwanza mkalie nyumba ya mama."

Afisa alisukuma mkataba mezani, kurasa kumi na nne za herufi za mchwa, na kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba la mama. "Someni kila ukurasa," akasema. "Watu hawasomi, baadaye wanalalamika."

Neno hilo lilimwingia fundi vibaya. Akainua macho, na nyuma ya bega la afisa akaliona geti lake. Geti la ujia wa kwenda chumba cha hazina, vyuma vizito, rangi ya kijivu, kazi ya mikono yake. Bei milioni tatu. Alipewa nusu milioni ya kuanzia, zilizobaki alikuwa akizidai mwezi wa nane sasa. Kila akija, mara mfumo uko chini, mara mwenye kusaini yuko likizo. Miezi minane alikuwa ameikopesha benki hii bila riba, bila mdhamini, bila hata picha mbili za pasipoti. Na sasa mlinzi alikuwa ameliegemea geti lile, kikombe cha chai mkononi.

"Mwambie mlinzi asiegemee pale," fundi akasema.

"Kwa nini?"

"Litamwangukia."

Afisa akageuka kutazama. Mlinzi naye, aliyekuwa akisikiliza, akasogea.

"Geti ambalo sijalipwa huwa sichomelei mpaka mwisho," fundi akasema taratibu. "Nalishikiza. Kila bawaba pointi mbili za moto. Linafunguka, linafungwa, linang'aa. Siku nikilipwa ndipo narudi kumalizia."

"Na hukusema?"

"Nimeandika. Ankara yangu ina ukurasa mmoja tu. Chini kabisa: geti limeshikizwa, litachomelewa baada ya malipo. Mhasibu wenu akapiga muhuri, imepokelewa."

Ankara ilitafutwa. Ilipatikana chini ya ankara nyingine za mafundi wengine, na ililetwa na meneja mwenyewe, anasoma huku anatembea, kidole chini ya mstari.

"Kaka," meneja akasema, "huu ni utapeli."

"Siyo utapeli, baba," mama akasema. "Ni dhamana. Ile inayohamishika."

Mfumo uliokuwa chini miezi minane ukapanda kabla chai ya mlinzi haijapoa. Ujumbe wa malipo ulipoingia kwenye simu, fundi aliusoma mara mbili, akaenda kuleta mtambo wake, akamalizia bawaba. Mkataba ulibaki mezani na kidau cha wino kikiwa wazi. Mama alikifunika mwenyewe, wino usikauke, akaurudisha mfuko kwapani.

Milioni mbili na nusu si sita. Zilitosha mashine ya kukunja kwa mkono, kuukuu, yenye mpini unaotaka mtu aliyeshiba. Tajiri aliitazama kwa dharau, akaizunguka, akasema hiyo siyo mashine aliyoisema. Hata hivyo alikuwa na nyumba kumi zisizo na mageti na wapangaji wanaosubiri. Akatoa kazi. Malipo, alisema, mwisho wa mwezi, mwezi wowote.

Fundi akachukua vipimo vya geti la kwanza, upana, urefu, unene wa bomba. Halafu chini ya vipimo akaandika kwenye daftari lake: pointi mbili.